Kichwa cha Luzira

Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba ardhi katika kilima cha Luzira, kando ya Kampala, walifukua vipande vya sanamu za watu: kichwa, sehemu za kiwiliwili na viungo, pamoja na vigae vingi vya vyungu. Zote zilifinyangwa kwa udongo, kisha zikachomwa. Kichwa ndicho kilichosalimika zaidi. Nywele zake ni udongo uliobandikwa juu yake kwa ustadi.

Mwaka 2008 wataalamu Andrew Reid na Ceri Ashley walivilinganisha vigae hivyo na vyungu vya kale vya mwambao wa Ziwa Victoria, wakakadiria kuwa vina umri wa yapata miaka elfu moja. Kwa hiyo wale waliodai kwamba katika nchi hizi hapakuwa na wachonga sanamu (nao hawakuwa wachache zama za ukoloni) wamejibiwa na mfinyanzi wa Luzira mwenyewe.

Lakini mwaka 1931 kichwa hicho kilichukuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Sisi twaona mahali pake ni Jumba la Makumbusho la Uganda, maili chache tu kutoka kilimani kilipofukuliwa.