Saladi ya msimu wa joto: Rangi za nyanya za asili na tahadhari ya majani mabichi

KATI ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam huwa kali kiasi cha kumwondolea mtu hamu ya chakula cha moto. Ni kipindi ambacho sahani ya mboga mbichi hupata nafasi kubwa mezani kuliko bakuli la mchuzi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mboga hizo ni zile zile: nyanya nyekundu, kitunguu, tango na ndimu, yaani kachumbari, jina lililotufikia kutoka India pamoja na mapishi yake.

Kachumbari haina kosa lolote. Lakini anayependa kuona rangi katika sahani yake anaweza kwenda hatua moja mbele, akaandaa saladi ya nyanya za aina mbalimbali iliyochanganywa na mboga za majani. Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Kinachohitaji maarifa zaidi ni uchaguzi wa nyanya, na zaidi ya hapo, uchaguzi wa majani, kwani hapo ndipo afya ya familia inapoweza kuingia mashakani.

Tuanze na nyanya. Wengi tumezoea kuamini kuwa nyanya iliyoiva ni nyekundu, basi. Ukweli ni kwamba zao hili, ambalo asili yake ni Amerika Kusini na ambalo Wahispania walilifikisha Ulaya katika karne ya 16, lina rangi nyingi. Zipo za manjano, za chungwa, za waridi na hata zenye rangi ya damu ya mzee inayokaribia weusi, kama ile iitwayo Cherokee Purple ya Marekani. Ipo pia Green Zebra, ambayo hubaki kijani yenye michirizi hata ikiiva.

Nyanya nyekundu hupata rangi yake kutokana na kemikali iitwayo laikopini. Katika nyanya nyingi za manjano kemikali hiyo haitengenezwi kwa wingi, na katika zile nyeusi ukijani wa tunda bichi hauondoki wote wakati wa kuiva, hivyo hujichanganya na wekundu. Kila rangi huja na ladha yake. Za manjano kwa kawaida huonekana kuwa na ukali mdogo ulimini, na zile nyeusi zina ladha nzito ambayo baadhi ya walaji huifananisha na moshi.

Nyanya za namna hiyo huitwa za asili, au za mbegu za kurithishana, kwa sababu mkulima huhifadhi mbegu za msimu huu akapanda msimu ujao na kupata nyanya ile ile. Jambo hilo linawezekana kwa kuwa ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Mbegu chotara haziko hivyo: ukipanda mbegu ulizokamua kutoka tunda lake, mimea huota yenye sifa tofauti tofauti, hivyo mkulima hulazimika kurudi dukani. (Green Zebra, kwa kusema kweli, si ya kurithi kwa maana kamili, ilitolewa na mtaalamu wa mbegu wa Marekani, Tom Wagner, mwaka 1983, ingawa mbegu zake huhifadhika vivyo hivyo.)

Msomaji atauliza, kwa nini basi matenga yanayoshushwa sokoni yamejaa nyanya ndefu zenye ngozi ngumu? Jibu lipo barabarani. Nyanya kutoka Ilula mkoani Iringa husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kufika Dar es Salaam, na nyanya ya mviringo yenye ngozi laini haiwezi kuvumilia safari hiyo. Aina kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru mkoani Arusha, zilipendwa kwa sababu zina ngozi imara na hukaa muda mrefu bila kuoza. Bila nyanya za namna hiyo, mama wa genge angetupa sehemu kubwa ya mtaji wake.

Gharama yake huonekana katika ladha. Mwaka 2012 wanasayansi walieleza katika jarida la Science kwamba badiliko moja la kijeni, lililochaguliwa kwa miongo mingi ili nyanya ziive kwa rangi moja bila bega la kijani, limepunguza uwezo wa tunda kujitengenezea sukari. Kwa hiyo usiikimbie nyanya yenye bega la kijani au mikunjo. Mara nyingi ndiyo tamu.

Anayetafuta nyanya za asili hapa jijini hana budi kuwa na subira. Nyanya ndogo za kienyeji, zile zinazoota zenyewe pembezoni mwa mashamba, hupatikana kwa msimu, na zile ndogo za mviringo huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa. Mwenye nafasi ya ndoo mbili tatu barazani anaweza kujipandia aina za zamani zisizo chotara kama Money Maker ya Uingereza au Marglobe, ambayo ilitolewa Marekani mwaka 1925. Na ukishazipata, usiziweke kwenye jokofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa nyanya zilizokaa siku saba katika nyuzi 5 za Selsiasi hupoteza sehemu ya harufu zinazoipa nyanya ladha yake, na kuzirudisha kwenye joto la kawaida hakuirejeshi yote.

Sasa majani. Hapa mwandishi wa makala haya anaomba asieleweke vibaya: mboga za majani ni chakula bora, na wanaozilima mijini wanafanya kazi ya heshima. Lakini jani linaloliwa bichi halipiti motoni, na chochote kilichokuwa katika maji ya kumwagilia huenda likaja nacho mezani. Wakazi wa jiji hili hawajasahau mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi nao ulibaini madini mazito, ikiwamo risasi, ndani ya majani. Vimelea vya kipindupindu hufa kwa kuchemshwa. Risasi iliyokwisha kunyonywa na mmea haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei ya fungu, bali fungu limetoka wapi na limemwagiliwa maji gani.

Ukiridhika na jibu, tenganisha majani moja moja na uyaoshe kwa maji safi yanayotiririka, ukiyasugua kwa vidole hadi mashinani, ambako mchanga hujificha. Nyanya nazo zisuguliwe kwa mkono chini ya maji hadi ule unga mweupe wa dawa uondoke, kwani tangu mdudu kantangaze aingie nchini wakulima wamekuwa wakipulizia mara nyingi zaidi. Usiziache zikilowa kwenye beseni; nyanya yenye joto ikitumbukizwa kwenye maji baridi huweza kuyavuta ndani kupitia kovu la kikonyo, pamoja na uchafu uliomo.

Letusi, ambayo wauzaji wengi huiita saladi tu, inaliwa mbichi. Kotimiri pia. Mchicha ni vema ukatumbukizwa dakika moja kwenye maji yanayochemka, ukahamishiwa kwenye maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, kisha ukakamuliwa. Hubaki na ukijani wake wa kuvutia na hupungua ule ukakasi unaobaki menoni. Kisamvu kisiguswe kabisa katika saladi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kama walivyofanya bibi zetu.

Kwa watu wanne, chukua nyanya sita hadi nane za rangi ulizozipata. Kubwa zikate vipande vinene kwa kisu kikali, ndogo zigawe mara mbili. Zinyunyizie chumvi nusu kijiko cha chai na uziache dakika kumi ndani ya bakuli. Chumvi itavuta maji. Usiyamwage, maana ndiyo yenye utamu. Yachanganye na maji ya ndimu moja, pilipili manga kidogo na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti au zeituni. Wakati huo kitunguu kimoja kikatwe vipande vyembamba, kisuguliwe kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue.

Kuna wanaoacha mafuta kwa kuogopa unene. Hao wanajinyima. Jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kuwa waliokula saladi isiyo na mafuta karibu hawakufyonza kabisa virutubisho vya rangi, ikiwamo kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Parachichi moja lililokatwa juu ya saladi hufanya kazi hiyo hiyo, na msimu wake ukiwadia ni nafuu kuliko chupa ya zeituni.

Majani yakaushwe kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta hayashiki kwenye jani lenye maji. Yatandike kwenye sinia, juu yake mchicha, kisha nyanya zilizopangwa kwa kuchanganya rangi, kitunguu, parachichi na kotimiri. Mchuzi wa ndimu na mafuta umwagwe wakati watu wamekwisha kuketi. Ukiumwaga mapema, letusi hunyauka ndani ya muda mfupi, na saladi nzuri huishia kufanana na mboga iliyolala.

Isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kama linavyofanya mara nyingi jijini Januari na Februari, saa moja inatosha. Nyanya na majani vikishakatwa huharibika upesi kuliko vinavyoonekana. Ule mchuzi mwekundu unaobaki chini ya sinia, chovya kipande cha mkate au chapati kabla hujatoa vyombo.