Risasi Ngapi Zinatosha? Haki ya Kujilinda na Mipaka ya Sheria



Tunajua kwamba amri ya tano inakataza kuua. Tunajua pia kwamba Kanisa linamruhusu mtu kulinda uhai wake. Kati ya mafundisho hayo mawili kuna swali ambalo hatulizungumzi mara nyingi: mtu aliyeruhusiwa kumiliki bunduki, je, sheria inaweza kumwekea kikomo cha risasi ambazo bunduki yake itabeba kwa mara moja? Swali hili linabishaniwa sana Marekani, na sisi wa Masasi na Newala tunaweza kudhani halituhusu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini linatuhusu.

Magazini ni nini?

Magazini ni kisanduku cha chuma au plastiki kinachoshika risasi na kuzisukuma moja baada ya nyingine ndani ya bunduki. Risasi zikiisha, mpigaji hukitoa na kuweka kingine. Gobore, ambalo wazee wetu wanalifahamu, halina kitu hicho. Hushindiliwa baruti kupitia mdomoni, hulia mara moja, kisha kazi huanza upya. Lakini bastola nyingi za kisasa hubeba risasi 15 au 17, na bunduki nyingi za mtindo wa kijeshi hubeba 30. Tofauti kubwa iko hapo: ni watu wangapi wanaweza kupigwa kabla mpigaji hajalazimika kusimama.

Kusini mwa nchi yetu tofauti hii ina historia. Katika Vita vya Maji Maji, pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wenye mikuki na magobore waliikabili ngome ya Wajerumani iliyokuwa na bunduki za rashasha. Walikufa wengi mno. Ujasiri haukuwapungukia, walizidiwa na silaha isiyopumzika.

Wanavyobishana

Mwaka 1994 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuwauzia raia magazini mpya zenye uwezo wa zaidi ya risasi 10. Sheria hiyo iliwekewa muda wa miaka 10, ikaisha mwaka 2004 bila kuongezwa. Leo baadhi ya majimbo, kama California, yana kikomo chao. Nchini New Zealand, baada ya watu 51 kuuawa katika misikiti ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019, bunge lilichukua chini ya mwezi mmoja kupiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe pamoja na magazini kubwa.

Wanaounga mkono kikomo wanasema kwamba sekunde chache za kubadilisha magazini huokoa watu. Wanataja mji wa Tucson, jimboni Arizona, tarehe 8 Januari 2011. Mshambuliaji alitumia magazini ya risasi 33, akaua watu 6. Alipojaribu kuweka magazini nyingine, watu waliokuwa karibu walimwangusha na kumshika.

Wanaopinga nao wana hoja za kupimwa. Wanasema mhalifu hafuati sheria, kwa hiyo kikomo humbana mtu mwema peke yake. Wanasema anayevamiwa usiku na watu watatu hatetemeki kwa hiari yake. Risasi nyingi zitakosa, na 10 zinaweza kwisha haraka. Tena aliyefanya mazoezi hubadilisha magazini kwa muda mfupi sana.

Falsafa inatusaidiaje?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 64, kifungu cha 7), anafundisha kwamba kujilinda ni halali, ila nguvu inayotumika ikizidi ile inayohitajika, tendo linakuwa baya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho hilo katika namba 2264. Neno la msingi hapa ni kadiri. Wanaopinga wanasema kweli kwamba kadiri hutegemea hatari iliyopo: aliyevamiwa na mmoja na aliyevamiwa na watano hawako katika hali moja.

Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya usiku mmoja wa mtu mmoja. Thoma huyohuyo (I-II, swali la 95, kifungu cha 2) anaeleza kwamba sheria ya maumbile hutupa kanuni za jumla, na mara nyingine mtunga sheria hulazimika kuzipa kipimo maalumu. Tuchukue mfano wa barabarani. Dhamiri inatuambia tusihatarishe maisha ya wenzetu. Haituambii kilomita 50 kwa saa. Namba hiyo imewekwa na watu, na ingeweza kuwa 45. Hata hivyo dereva anayeipuuza karibu na shule hawezi kujitetea kwamba 50 si namba takatifu. Vivyo hivyo, 10 si namba takatifu. Tunaweza kubishana kama ni 5, 10 au 15, bila kukana kwamba mpaka unahitajika.

Hapa kwetu

Afrika Mashariki imeuchora mpaka wake mapema zaidi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe. Nayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na kibali. Gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani nalo limo, hata kama linabeba risasi moja.

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Kutoka ukingo wa uwanda wa Newala tunaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara, wakaua raia na kuchoma nyumba. Mwanakijiji akiuliza kwa nini anyimwe silaha kubwa wakati adui anayo, tusimdharau. Anauliza swali la haki.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, bunduki ya risasi 30 haibaki ikimsubiri adui wa mtoni. Inalala ndani ya nyumba yenye ugomvi wa shamba, ulevi na wivu. Pili, Katekisimu namba 2265 inasema ulinzi ni wajibu mzito wa wale waliokabidhiwa maisha ya wengine. Maana yake ni kwamba serikali inayompunguzia raia silaha inajiwekea deni la kumlinda. Kikomo bila ulinzi ni kumwacha mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu. Kikomo pamoja na ulinzi ni haki.

Tufanye nini?

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na serikali yetu imewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo, ukiwemo wa mwaka 2022. Msamaha ukitangazwa tena, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawaeleze wenye magobore yasiyo na kibali, bila kuwatisha. Na mkulima akisharudisha gobore lake, tusimwache alinde mihogo peke yake usiku. Zamu ya kulinda mashamba ni kazi ambayo jumuiya inaweza kuipanga wiki hii.