Kulipia Sauti: Kwa Nini Wasikilizaji Hupenda Redio ya Setilaiti

Wasomaji wetu wa makamo watazikumbuka jioni za redio ya masafa mafupi. Baba akirudi msikitini baada ya Maghribi, akiketi barazani na kukizungusha kitufe taratibu, kama mtu afunguaye kufuli la zamani ambalo ufunguo wake umelegea. Waya mrefu ulipita dirishani ukafungwa kwenye mnazi. Sauti ya mtangazaji wa London au ya yule wa Cologne ilipanda na kuzama, ikachanganyika na mluzi na lugha za watu wengine, na pale habari yenyewe tuliyokuwa tukiingoja iliposomwa, ndipo ilipotoweka. Watoto tuliamriwa tunyamaze, kana kwamba makelele yetu ndiyo yaliyokuwa yakiiziba.

Pamoja na taabu hiyo yote, sauti ile ilikuwa ya bure. Ukiondoa bei ya chombo, bei ya betri, na kibali cha serikali pale kilipodaiwa, hakuna aliyelipia neno lililomfikia sikioni. Ndiyo maana wengi wetu tulistaajabu kusikia kwamba huko Marekani, nchi yenye maelfu ya vituo vya redio visivyodai hata senti kwa msikilizaji, wapo watu takriban milioni 33 wanaolipa ada kila mwezi ili wasikilize redio inayotoka angani. Wala hawalipi kwa kunung'unika. Wengi wao ukiwauliza watakwambia kwamba wako tayari kupunguza mengine kabla ya hilo.

Tulimwuliza ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaendesha lori la mizigo kutoka jimbo la Minnesota kuelekea magharibi. Jibu lake halikuanzia kwenye muziki wala kwenye habari. Lilianzia barabarani. Alitueleza namna ambavyo kituo cha FM cha mji mmoja humsindikiza mwendo wa saa moja hivi, kisha huanza kukwaruza, kisha hubaki mluzi mtupu katika nyika za South Dakota na Wyoming, ambako mtu aweza kwenda mwendo mrefu bila ya kuona taa ya nyumba. "Ukishamzoea mtangazaji, anaondoka bila hata kuaga," alisema. "Hii ya setilaiti nikiifungua nyumbani asubuhi, jioni ya siku ya pili bado ni yule yule, na mazungumzo ni yale yale."

Jambo hilo, kwamba sauti haikatiki, ndilo mzizi wa mengine yote, nalo lilitafutwa kwa kazi kubwa. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliuza kwa mnada leseni mbili za huduma hiyo mwaka 1997. Kampuni ya XM ilianza kusikika mwezi Septemba 2001, na mshindani wake, Sirius, akafuata mwaka 2002. Kila mmoja alichagua njia yake. XM ilisimamisha setilaiti zake juu ya mstari wa ikweta, ambako huonekana kama zimetulia mahali pamoja. Sirius ilirusha setilaiti tatu katika njia ndefu yenye umbo la yai, zikawa zinapokezana kupanda juu ya bara la Amerika ya Kaskazini, ili daima ziwepo karibu na utosi wa msikilizaji na si nyuma ya jengo au mlima. Mijini, ambako maghorofa huziba anga, yaliwekwa mamia ya mitambo midogo ya ardhini inayorudia matangazo yale yale.

Tena kuna hila moja ambayo sisi tumeipenda. Redio hiyo hupokea matangazo yale yale mara mbili, moja ikitangulia na nyingine ikichelewa kwa muda wa sekunde nne hivi. Gari likipita chini ya daraja na nakala moja ikapotea, nyingine huziba pengo. Msikilizaji hajui kwamba kuna kilichopotea. Sisi tuliokuwa tukipanda mnazi kuufunga waya upya baada ya kila kaskazi hatuwezi kulisikia jambo hili bila wivu kidogo.

Sababu ya pili ni matangazo ya biashara, na hapa mke wa ndugu yetu alikuwa na maneno zaidi ya mumewe. Katika redio ya kawaida ya Marekani matangazo ya biashara hula dakika nyingi za kila saa, nayo huja kwa mafungu, moja likimsukuma jingine: mawakili, magodoro, magari ya mkopo, dawa zenye orodha ya madhara isomwayo mbio mbio. Mama yule alitwambia kwamba watoto wake, kabla hawajajua kusoma vizuri, walikwisha kuhifadhi jina la mkahawa fulani wa vyakula vya haraka na wimbo wake, na kwamba safari ya kwenda shule iliishia kila siku katika ugomvi juu ya kitu kilichotajwa redioni. "Redio ya bure ndiyo iliyotugharimu," alisema. Chaneli za muziki za XM ziliondolewa matangazo ya biashara mwaka 2004, na tangu wakati huo jambo hilo limekuwa moja ya nguzo kuu za kuvutia wateja. Yafaa tuongeze kwamba chaneli za mazungumzo, habari na michezo bado zinayo. Anayedhani kwamba ada yake imenunua ukimya kamili atavunjika moyo.

Kisha kuna upana wa chaguo. Kituo cha mji huwatafutia watu wote kitu kimoja, kwa kuwa kinaishi kwa wingi wa masikio ambayo kitawauzia wenye bidhaa. Redio inayoishi kwa ada yaweza kumtunza msikilizaji mmoja mmoja. Ndiyo maana utakuta chaneli ya muongo mmoja tu wa nyimbo, chaneli ya michezo ya kuigiza ya redio ya zamani, chaneli ya ligi moja ya mchezo mmoja, na hata chaneli ya madereva wa malori, iitwayo Road Dog Trucking, ambako hujadiliwa bei ya mafuta, sheria za saa za kazi na ugumu wa kuishi mbali na familia. Ndugu yetu huisikiliza hiyo kuliko nyingine. Anasema kwamba usiku, akiwasikia watu asiowajua wakieleza namna walivyozikosa sherehe za watoto wao, hujiona si peke yake katika giza lile.

Wapo watakaotuuliza kama ni busara kwa Muislamu kulipia chaneli ambazo nyingi ni za muziki. Swali hilo lina wenyewe, na kurasa hizi za familia si mahali pa kutolea fatwa. Lakini mzazi analo lake la kujua. Redio ya kawaida ya Marekani imewekewa mipaka ya kisheria juu ya lugha chafu. Redio ya setilaiti, kwa kuwa mtu huinunua kwa hiari yake, haikuwekewa mipaka hiyo. Mtangazaji Howard Stern, ambaye vituo vilivyomrusha vilitozwa faini kwa ajili ya maneno yake, alihamia Sirius mwezi Januari 2006 kwa mkataba wa miaka mitano uliokadiriwa kufikia dola milioni 500. Alifuatwa na umati wa wasikilizaji, na uhuru wa kusema asichoweza kukisema kwingine ulikuwa sehemu ya mvuto wake.

Basi uhuru ule ule uliomwondolea mama wa watoto wetu matangazo ya magodoro ndio uliomwingizia garini, kwa kitufe kimoja, maneno ambayo hakuna mzazi angependa yasikiwe na mwanawe. Kampuni yenyewe huzitia chaneli za namna hiyo alama ya XL, na mteja aweza kuomba zifungwe. Mama yule alifanya hivyo siku ya kwanza. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu tumeona kwamba wazazi wengi hununua chombo, hukifurahia kwa yale waliyokitafutia, wala hawaulizi kina nini kingine ndani yake.

Ama kuhusu fedha, XM ilipoanza ilidai dola 9.99 kwa mwezi, na Sirius dola 12.95. Kampuni hizo mbili ziliungana mwezi Julai 2008, baada ya wakuu wa serikali kutafakari kwa zaidi ya mwaka kama yafaa wasikilizaji waachiwe mwuzaji mmoja. Kuanzia 2009 ikaongezwa tozo ya hakimiliki za muziki juu ya ada yenyewe. Wateja wengi huipata huduma bila ya kuitafuta: gari jipya huja na redio yake na miezi kadhaa ya kuonja, na muda ule ukiisha, mtu amekwisha kuzoea. Kuacha ndiko kulikoleta malalamiko. Mwaka 2014 kampuni iliyoungana, SiriusXM, ilikubaliana na mawanasheria wakuu wa majimbo 45 kulipa dola milioni 3.8 kwa sababu ya malalamiko juu ya bili na ugumu wa kujiondoa. Na mwezi Novemba 2024 jaji wa New York aliamua kwamba utaratibu wake wa kujiondoa ulivunja sheria, kwa kuwa mteja alilazimika kuzungumza kwa muda mrefu na wakala aliyefundishwa kutokubali neno "sitaki". Mapenzi ya wateja, kwa hiyo, hayapimwi kwa hesabu ya wanaolipa peke yake. Baadhi yao wamechoka tu kushindana.

Nyumbani kwa ndugu yetu jambo hili lilizungumzwa mwaka uliopita, mume na mke wakiwa na karatasi ya matumizi mbele yao. Wakakubaliana kwamba ada ya lori ibaki, kwa sababu yeye hukaa humo siku kumi na zaidi, na ya gari la familia iondoke. Gari lile sasa limeunganishwa na simu, na safari ya shule huanza kwa kisomo cha Qur'ani hadi kwenye taa za tatu za barabarani. Baada ya hapo, alicheka mama, watoto hupiga kura. Simu ndiyo mshindani mkubwa wa redio ya setilaiti siku hizi, na idadi ya walipa ada imepungua kidogo katika miaka ya karibuni.

Wachache wanaokumbuka kwamba redio ya setilaiti ilitufikia sisi kabla ya Wamarekani. Noah Samara, mwanasheria aliyezaliwa Ethiopia kwa mama Muethiopia na baba Msudani, aliianzisha kampuni ya WorldSpace mwaka 1990, akiwa na azma ya kulifikishia bara la Afrika habari na elimu kwa sauti safi. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou tarehe 28 Oktoba 1998, na mwaka uliofuata ilikwisha kuanza kutangaza. Sauti ilikuwa safi kuliko yote tuliyowahi kuyasikia barazani. BBC ilikuja kama mtu aliyeketi chumba cha pili.

Lakini mambo mawili ya Marekani hayakuwepo. Bamba dogo la kunasia mawimbi lilihitaji kuelekezwa angani bila kizuizi, wala hapakuwa na mitambo ya ardhini ya kuisaidia, kwa hiyo redio ilibaki dirishani badala ya kumfuata mtu garini. Na mwanzo idhaa nyingi zilisikika bila ada. Baadaye zikafungwa, zikataka usajili, wakati ule ule ambapo vituo vya FM vilikuwa vikichipuka katika miji yetu vikizungumza lugha yetu na mambo ya mtaa wetu. Msikilizaji wa Mombasa aliyekuwa na Radio Rahma, wa Nairobi aliyekuwa na Iqra FM, au wa Dar es Salaam aliyeipata Radio Kheri, hakuona sababu ya kulipia sauti ya mbali. Walipa ada wengi wa WorldSpace waliishia kuwa wa India. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Oktoba 2008, na tarehe 31 Desemba 2009 huduma ilizimwa huko India, waliolipa na wasiolipa wakanyamaziwa sawasawa.

Redio zile za kwanza zilikuwa na uwezo wa kunasa FM na masafa mafupi pia. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anayo yake hadi leo, mpini umefungwa kwa kamba ya katani, naye huisikilizia taarifa ya habari ya kituo cha mjini. Lile bamba la setilaiti amelifanya kifuniko cha gudulia.