Fimbo ya Chuma Haipimi Vitamini

"Nimeshika ile fimbo ya mashine, karatasi imesema vitamini A yangu iko chini. Ninywe dawa gani?" Makambako naulizwa hivyo, Njombe mjini naulizwa hivyo hivyo, na nimechoka kulijibu swali hilo kwa upole. Usinywe chochote. Hujapimwa.

Mtu huhesabiwa amepungukiwa vitamini A inaposhuka chini ya takriban mikrogramu 200 katika lita nzima ya seramu, yale maji ya damu yanayobaki seli zikitengwa. Kuinasa kunataka damu ya mshipa iliyokingwa na mwanga, kwa kuwa mwanga huiharibu. Seramu huondolewa protini kwa ethanoli, ndipo ipite kwenye mtambo wa kromatografia unaotenganisha kemikali moja moja. Hata hapo, mwenye nimonia anaweza kuonyesha kiwango cha chini bila upungufu wowote, kwa hiyo maabara tunapima pia CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi.

Fimbo ile haikuchukua hata tone la damu. Inapitisha umeme mdogo kiganjani, na kinachoubadilisha ni jasho na unyevu wa ngozi. Majibu yanapikwa kutokana na umri, jinsia, urefu na uzito alioandika muuzaji. Kama unabisha, mama, mwambie akuandike mwanaume: utasomewa hali ya tezi dume. Halafu anayekupima ndiye anayekuuzia makopo ya vitamini! Wajawazito ndio wanaonitia hofu zaidi. Vitamini A hujilimbikiza kwenye ini, na dozi kubwa katika miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Tena mkoani Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, hela ya mayai na maziwa inaishia kwenye makopo hayo.

Ya kufanya ni haya. Anza kwa daktari, siyo kwa kipimo. Picha kamili ya damu ikionyesha chembe nyekundu kubwa kupita kawaida, ataulizia B12 na foleti. B12 na vitamini D hupimwa kwa kingamwili, mara nyingi sampuli ikisafirishwa hadi maabara kubwa. Kama unatumia biotini ya nywele, sema mapema, maana inaweza kuvuruga majibu. Kuna mtu haoni vizuri jioni? Hospitali leo, asisubiri maabara. Na mtoto wa miezi 6 hadi 59 hahitaji kupimwa ndipo apewe matone ya vitamini A: mpeleke kituoni Juni na Desemba.