Pikapu Iliyoacha Kubeba Mzigo

Huko Marekani, pikapu lilikuwa gari la mkulima na fundi: kichwa kifupi cha kukaa watu wawili watatu, na nyuma bodi ndefu ya kupakia mbao na saruji. Mwaka 2023 chombo cha habari cha Axios kilipima mabadiliko ya Ford F-150 na mapikapu yaliyoitangulia. Ukiacha boneti, katika matoleo ya miaka ya 1960 na 1970 bodi ilichukua asilimia 64 ya urefu na kichwa asilimia 36. Kufikia 2021 hesabu ilikuwa imegeuka: kichwa 63, bodi 37. Gari limenenepa, limepanda bei, na nafasi ya mzigo ndiyo iliyoliwa.

Wanunuzi nao wamebadilika. Kampuni ya utafiti ya Strategic Vision ilikuta kwamba wenye pikapu watatu kati ya wanne huvuta tela mara moja kwa mwaka au hawavuti kabisa. Kwa bodi, wanaoitumia kwa nadra kiasi hicho ni asilimia 35. Tusiwaonee: maana yake wengi bado hubeba kitu. Ila friji moja na magunia machache kwa mwaka hayahitaji gari la zaidi ya tani mbili.

Watetezi wa mapikapu makubwa husema soko limeamua. Soko lilisaidiwa sana. Mwaka 1964, serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, kulipiza kisasi kwa Ulaya iliyokuwa imewekea ushuru kuku wa Kimarekani. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru wa malori umebaki. Sheria ya 1975 ya matumizi ya mafuta ya magari ikaruhusu pikapu kiwango chepesi kuliko cha magari ya kawaida. Baadaye kiwango kikafungwa na eneo lililo kati ya magurudumu: gari likitanuka, masharti yanalegea. Mwenye kuunda pikapu dogo ndiye akabanwa. Ford iliacha kuunda Ranger dogo kwa soko la Marekani mwaka 2011, na jina hilo liliporudi 2019 lilikuja na gari kubwa zaidi. Juu ya hayo yote, mwenye biashara hupata nafuu nono ya kodi kwa gari ambalo uzito wake likiwa na shehena kamili unazidi ratili 6,000, yaani kama kilo 2,700.

Gharama inalipwa barabarani. Mwaka 2009 watembea kwa miguu wapatao 4,100 waliuawa na magari Marekani. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Pikapu haliwezi kubebeshwa lawama yote, kwani kuna barabara pana, mwendo kasi, giza na simu. Lakini taasisi ya usalama wa barabarani ya kampuni za bima, IIHS, ilionyesha mwaka 2023 kwamba gari lenye boneti ya kimo kinachozidi inchi 40, karibu mita moja, lina uwezekano wa kumuua linayemgonga ulio mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko gari lenye boneti fupi iliyoinama. Boneti fupi hupiga miguu na mtu huangukia juu yake. Ndefu hupiga kifua au kichwa, kisha humwangusha chini. Na mtoto aliyesimama karibu na pua ya gari, dereva hamwoni.

Wakati huohuo, Wamarekani kadhaa wameanza kuagiza kutoka Japani vilori vikuukuu vya aina ile tunayoiita kirikuu Tanzania. Bodi ya kirikuu hufika mita 1.9 hivi, ile fupi ya F-150 ni kama mita 1.7, ingawa F-150 lenyewe hukaribia mita sita. Baadhi ya majimbo yamekataa kuvisajili vilori hivyo, kwa hoja ya usalama. Usalama wa nani, hayakufafanua sana.

Je, mapikapu makubwa yapigwe marufuku kwa matumizi binafsi? Sioni itawezekanaje. Mkulima hupeleka watoto shule kwa gari lilelile alilobebea mbolea, na hakuna askari atakayesoma nia ya dereva. Kinachopimika ni bati: kimo cha boneti, uzito, na umbali ambao dereva anaona mbele. Ulaya imeweka kwa miaka mingi viwango vya kumlinda anayegongwa. Marekani ilipendekeza kanuni ya aina hiyo Septemba 2024 tu. Paris ilipiga kura Februari 2024 kuwatoza wageni wenye magari mazito euro 18 kwa saa ya maegesho katikati ya jiji, na mafundi wakasamehewa. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 6, kwa hiyo sithubutu kuuita ushindi wa umma.

Washington D.C. hutoza usajili wa dola 500 kwa mwaka kwa magari yanayozidi ratili 6,000. Bunge la nchi limekwenda upande mwingine: Julai 2025 lilishusha hadi sifuri faini ya kampuni zisizotimiza viwango vya mafuta. Na aliyelipa zaidi ya dola 50,000 kununua pikapu hatashtushwa na dola 500. Kama ningeombwa kuchagua pa kuanzia, ningeanza na boneti, kiwandani, kabla gari halijafika kwa muuzaji.