Shahada ya Miaka Mitatu Huchukua Miaka Mingapi?

Katika minada ya Katesh na Haydom liko swali moja ambalo mzazi mwenye mtoto chuo kikuu hawezi kulikwepa. Baada ya salamu na habari za mvua, jirani atamwuliza: "Yule kijana wako anamaliza lini?" Mwaka wa kwanza mzazi hujibu kwa fahari. Mwaka wa tatu hujibu kwa matumaini. Ukiingia mwaka wa tano, huanza kupita njia ya nyuma ya mnada.

Juma hili nataka tulitazame swali hilo. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, shahada ya mtoto mmoja mara nyingi ni mali ya ukoo mzima. Ng'ombe ameuzwa, vitunguu saumu vimeuzwa, shangazi amechanga na mjomba amekopa. Wote walitajiwa miaka mitatu. Ikipita bila joho, maneno huanza: mtoto amepotea mjini, mtoto kichwa kimegoma.

Tuanze na hesabu ya makaratasi. Shahada nyingi za sanaa, biashara na ualimu nchini ni za miaka mitatu. Uhandisi ni minne. Udaktari wa binadamu ni mitano, na baada yake daktari hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Udaktari wa mifugo nao ni mitano. Kwa hiyo mzazi anayelinganisha mwanawe anayesomea mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na mtoto wa jirani anayesomea ualimu Dodoma, analinganisha ng'ombe na mbuzi.

Sasa tuhesabu tangu mlangoni. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, asome saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita, ndipo aanze mitatu ya chuo. Jumla ni miaka 16. Lakini kalenda ina mashimo. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba na kidato cha tano huanza Julai. Kidato cha sita humaliza Mei na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo wapo wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo mafunzo yake kwa vijana hawa yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Asiyekwama popote atamaliza masomo ya chuo akiwa na miaka 23 hivi.

Wazee wetu walisubiri zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja Mlimani. Alitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi. Wasichana walisamehewa sharti hilo baada ya muda mfupi, kwa kuwa idadi yao ilikuwa inapungua. Hakuna aliyemwita kijana wa miaka ile mzembe kwa kuingia chuoni akiwa na miaka 23. Utaratibu ndio uliomchelewesha, na kila mtu aliujua.

Tena kuna milango kufungwa. Mei 1990, Serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya mgomo wa wanafunzi, na masomo yakarejea mwaka 1991. Kwa jirani zetu Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Machi 2020 vyuo vyetu vyote vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Mwenye akili na asiye na akili wote walirudi nyumbani na begi lile lile. Muhula ukipotea Dar es Salaam, deni lake hulipwa Hanang.

Hata chuo kikiwa wazi, kuna mikwamo ya mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi akishindwa somo hufanya mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita "sapu". Akishindwa tena, hulibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, na hapo ndipo wengi hawaelewi: somo la muhula wa kwanza kwa kawaida hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Likianguka katika mwaka wa mwisho, somo moja linaweza kumla mwaka mzima. "Kudisko" ni jambo jingine kabisa, maana huko ni kuondolewa chuoni. Mzazi ajue tofauti ya maneno haya kabla hajalia.

Na zipo sababu zisizohusu darasa. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupanga mkopo kwa kufuata miaka ya kozi. Mwaka wa ziada mara nyingi ni mzigo wa nyumbani. Sasa fikiri nyumba yenyewe haipo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa; nyumba, maduka na mifugo vikasombwa. Mwanafunzi ambaye ada yake ilikuwa katika duka lile, utamwambia amechelewa kwa uvivu?

Mimi ni mtu wa stashahada ya uandishi wa habari. Nilisoma na wenzangu waliomaliza nyuma yangu kwa kukosa ada tu, na baadhi yao leo ndio wanaoninyoosha kwa kalamu nyekundu.

Sisemi kuwa hakuna wazembe. Wapo, na mji una vishawishi vyake. Nasema mzazi auchunguze mkwamo kabla hajatoa hukumu. Amwombe mtoto matokeo ya kila muhula, ayaone kwa macho yake, na akope akijua kwamba huenda ukahitajika mwaka mmoja wa akiba. Ada ikikwama au ugonjwa ukiingia, kijana asiondoke kimya kimya. Aandike barua ya kuahirisha masomo na apate jibu mkononi. Mwenye barua nafasi yake inamngoja, ingawa kila chuo kina ukomo wake. Asiye na barua huhesabiwa ametoroka.

Kwa mwalimu wa Dongobesh anayesoma Chuo Kikuu Huria huku akifundisha, miaka mitano au sita si aibu hata kidogo. Chuo hicho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Wapo vijana waliobakiza somo moja au mawili, na wanaogopa kurudi nyumbani likizo na kuulizwa watamaliza lini. Tukikutana nao tuwaulize kimebaki nini, na tuwasaidie kukipata.