Mgao wa Kwale: Haki Iliyoachwa Nyuma na Meli

Shehena ya kwanza ya mchanga wa madini kutoka Kwale ilisafirishwa kupitia Likoni Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Katikati ya miaka hiyo Kenya ilipitisha Sheria ya Madini ya 2016, iliyogawa mrabaha mafungu matatu: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii inayoishi penye mgodi.

Ni mgao mzuri, na walioupigania wanastahili shukrani. Lakini sheria haijengi zahanati. Fedha zilikwenda kwanza Nairobi, na ili zirudi Kwale ilibidi kwanza ijulikane jamii ni nani hasa. Ni familia zilizohamishwa Maumba na Nguluku? Ni waliobaki kando ya machimbo? Ni walio kwenye njia ya malori hadi bandarini? Na nani atie sahihi hundi, nani akague hesabu? Maswali hayo yalihitaji kanuni, akaunti na kamati. Miaka ikapita viongozi wa Kwale wakidai fungu la wananchi, huku meli zikiendelea kupakia ilmenaiti, rutaili na zirkoni.

Wanakijiji walichokiona mapema ni misaada ya kampuni iliyochimba mgodi huo: basari, madarasa, miradi ya kilimo. Siibezi, maana imesomesha watoto wa watu. Ila msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na mtoaji akifunga virago huondoka nao. Mrabaha ni haki. Ungelipwa kwa wakati, sehemu yake ingewekezwa ibaki Kwale baada ya mitambo kuzimwa. Katiba yenyewe, kifungu cha 201, inataka manufaa ya rasilimali yagawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2014 alikuwa sekondari mgodi ulipofungwa. Kwake yeye, kuchelewa kulikuwa sawa na kunyimwa.

Sasa macho yako Kilima cha Mrima, papo hapo Kwale, chenye niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na mataifa makubwa. Wabunge na madiwani wa Kwale, msikubali leseni itolewe kabla akaunti ya jamii haijafunguliwa, kamati haijachaguliwa na wenyeji, na tarehe ya malipo haijaandikwa kwenye mkataba. Dai hilo lina nguvu leo, madini yakiwa bado ardhini.